Kutoka Laini za Kahawa Hadi Githurai: Shajara ya Kuhamisha Familia

Familia inayofuatwa humu ni ya mfano, imeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia: baba mpiga dawa ya mimea, mama mchumaji wa kahawa, nyanya mwenye presha, na watoto watatu, mmoja Gredi 8, mmoja Gredi 4, mmoja chekechea. Wanaishi kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba. Shamba liko nje ya Ruiru na linakatwa ploti za makazi, hivyo kazi na nyumba vinaondoka pamoja, kama yalivyokatwa mashamba ya kahawa yaliyokuja kuwa Tatu City na Migaa. Bei ni za kukadiria kwa mitaa ya Thika Road. Anayesaidia ni kamati ya nyumba ya shirika la hisani, na fedha zake si nyingi.

Uingereza kuna Addington Fund, mfuko ulioanza 2001 wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo. Kazi yake mojawapo ni kuwapangisha nyumba wanaoacha kilimo, maana huko pia mkulima mpangaji akiacha shamba huacha na nyumba. Hapa Nairobi mashirika machache yana nyumba zao. Wanachoweza kuipa familia ni muda: miezi michache ya kodi, iliyopangwa vizuri.

Jumanne, wiki ya mwisho ya mwezi. Ofisi ya shamba.

Watu wengi huanza kwa kutafuta nyumba. Anza na haki za kazi, maana zikiachwa shambani hazirudi. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi, na nakala kwa ofisa wa kazi, kisha alipe siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Baba aliyefanya miaka 11 ana siku 165, mbali na likizo ambayo hakwenda na mshahara wa notisi kama hakupewa notisi. Ikiwa alikatwa ada ya chama, KPAWU, chama cha wafanyakazi wa mashamba, ndio wa kupigiwa simu kwanza.

Penye hasara kubwa ni kwa mama. Vitabu vya shamba humwita kibarua, naye huambiwa kibarua hana lake. Kifungu cha 37 kinasema aliyefanya kazi mfululizo mwezi mzima hatendewi tena kama kibarua wa siku. Ushahidi wake ni kadi za debe, zile za kuhesabia kahawa aliyochuma. Zipigwe picha zote leo, mbele na nyuma, kabla ofisi haijafungwa na makaratasi kwenda kuwashia moto.

Chukua pia cheti cha utumishi cha kila mmoja, ambacho mwajiri analazimika kukitoa, na taarifa ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Pesa ya NSSF msiiweke kwenye hesabu ya kodi. Haitolewi kwa kuwa mtu amepoteza kazi tu, na ofisi huanza kusikiliza maombi ya kustaafu mapema mtu akifika miaka 50.

Neno kwa familia zenye shamba lao wenyewe, ekari moja au robo yake Murang'a au Kirinyaga: msiuze ili mpate pesa ya kuhamia mjini. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila ridhaa ya bodi ya ardhi, ombi linatakiwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba, mke au mume lazima akubali, na mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 2 ya thamani. Mara nyingi muuzaji hupewa nusu ya pesa, anahamia Nairobi, anaila kwa kodi na karo, na nusu ya pili inakwama bodini. Kodisheni shamba kwa msimu mmoja, kwa maandishi, na mkataba uishe kabla ya mvua za msimu unaofuata, ili njia ya kurudi ibaki.

Jumatano. Githurai 44, Kahawa West, Zimmerman.

Mwisho wa mwezi ndio wakati wa kutafuta, kwa sababu waliotoa notisi wanahama. Vigezo viwili vije kabla ya bei: kazi itakuwa wapi, na maji yanakuja siku gani.

Mtu wa shamba ana ujuzi unaonunuliwa Nairobi, ila haununuliwi kila mtaa. Bustani za Runda na vitalu vya miche vya Kiambu Road hutaka mtu anayejua kupogoa na kupiga dawa. Mjengo, yaani kazi ya ujenzi, unataka mikono, na uko kila mahali kando ya Thika Road. Marikiti, soko la jumla la mazao, inataka mgongo, tena kabla ya alfajiri, na nauli ya saa hizo ikichanganyika na mvua hula nusu ya ujira. Kwa baba huyu tunapendekeza Githurai 44 au Kahawa West: anaweza kwenda kwa miguu kwenye mjengo, na steji ya matatu iko karibu pindi bustani ikipatikana.

Angalieni mpaka. Githurai 44 iko Nairobi, Githurai 45 iko Kiambu. Mtoto akifika sekondari, basari ya kaunti na ile ya eneo bunge hufuata makazi ya mzazi. Familia inayolala upande mmoja na kuandikishwa upande wa pili hurushwa huku na huku.

Sasa ukubwa wa nyumba. Watu sita hawatoshi singo moja, yaani chumba kimoja cha futi 10 kwa 10. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule ni 10,000 hadi 15,000 kwa mwezi. Singo mbili zinazopakana, kwa 4,500 kila moja, ni 9,000. Nyanya analala na wasichana huku, wazazi na mdogo kule. Faida kubwa ni kwamba mambo yakiharibika familia inaachia chumba kimoja bila kuhama mtaa wala shule. Hilo linawezekana tu kila chumba kikiwa na mkataba wake. Mwenye ploti, yaani jengo la vyumba vya kupanga, hupenda kuviandika pamoja, na hapo mkatae.

Alhamisi. Kukagua.

Ukaguzi ufanywe mchana, na mama awepo.

Maji kwanza. Muulize mpangaji anayefua uani. Usimuulize keteka, yaani msimamizi wa ploti, maana kwake maji hayakosi kamwe. Familia hii, kwa lita 20 kwa mtu, inahitaji mitungi 6 kwa siku. Mtungi ni shilingi 5 siku njema, na 20 au zaidi wakati wa uhaba. Kwa 20 ni shilingi 120 kwa siku, 3,600 kwa mwezi, karibu kodi ya chumba kizima. Ploti ya 4,000 isiyo na maji ni ghali kuliko ya 5,000 yenye tangi na mfereji.

Stima: nunua tokeni ya shilingi 50 kwa namba ya mita kabla ya kulipa chochote. Yuniti zikija chache mno, mita ina deni la mpangaji aliyepita na utalilipa wewe. Uliza pia mita ni ya vyumba vingapi. Bei nafuu ya Kenya Power ni ya wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi. Vyumba kumi vikitumia mita moja, wote wanatupwa kwenye bei ya juu hata kama kila mmoja anawasha taa moja tu.

Ghorofa: ya chini hupokea maji taka mfereji ukiziba, ya juu kabisa hukosa maji presha ikishuka, na magoti ya nyanya yanajua ngazi. Chukueni ya kwanza au ya pili. Pima nafasi kati ya vyuma vya roshani. Watoto wa laini hawajazoea kuishi juu, na nafasi ikizidi sentimita 10 kichwa cha mtoto mdogo kinaweza kupita. Funga wavu wa kuku. Waya na koleo vinatosha, kazi ya saa moja.

Tazama ukuta wa nje. Alama nyekundu ya X ni amri ya kuondoka. Jengo lililoanguka Huruma Aprili 2016 na kuua makumi ya watu lilikuwa limekwisha kutangazwa hatari, na kodi ilikuwa bado inakusanywa. Kando ya mto pia hapana. Baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilibomoa makazi ya kando ya mito Mathare na Mukuru. Shirika linaloweka familia hapo linaihamisha mara mbili.

Mwisho, toa kitambaa cheupe ukisugue kwenye nyufa za ukuta na nyuma ya fremu ya mlango. Madoa meusi ni ya kunguni. Mwenye nyumba apulizie kabla, kisha arudie baada ya wiki mbili, maana mayai husalimika mara ya kwanza.

Ijumaa. Pesa na karatasi.

Hesabu ya kuingia ni hii. Kodi ya mwezi wa kwanza 9,000, dipoziti 9,000, dipoziti ya maji na stima 2,000, kanta (lori dogo) ya kubeba mizigo 7,000, mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na kichomeo 4,000, chakula cha wiki mbili 7,000, tokeni na maji 1,000, dharura 3,000. Jumla 42,000. Mashirika mengi hukata ile 3,000 ya mwisho ili bajeti ionekane safi, na ndiyo inayohitajika mtoto akiharisha wiki ya kwanza kwa kubadilisha maji.

Kodi ilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Jina linalojitokeza kwenye M-Pesa lifanane na lililo kwenye mkataba. Likiwa la keteka, simamisha. Anayedai ada ya kutazama nyumba hana nyumba.

Mkataba uandikwe kwa majina ya baba na mama, wote wawili. Jina la shirika liwe kwenye risiti pekee. Shirika likiwa ndilo mpangaji, siku msaada unapokwisha familia haina haki yoyote mlangoni. Na jina la baba peke yake humwacha mama nje wakikosana, jambo linalotokea sana miezi ya kwanza ya mjini.

Mambo matatu yaandikwe wazi: dipoziti ikirudishwa ni ya familia, notisi ni mwezi mmoja pande zote, rangi ya kuta ikoje leo. Piga picha za kuta, sinki, kitasa na soketi, uzitume kwa mwenye nyumba kwa simu leo hii ili ziwe na tarehe. Bila hizo, dipoziti itageuka kuwa pesa ya rangi.

Jumamosi. Kuhama.

Kanta iondoke saa moja asubuhi. Ploti nyingi haziruhusu kuingiza mizigo baada ya magharibi, na keteka aliyeamshwa usiku ana bei yake.

Vya kubeba: magodoro yaliyoanikwa juani siku mbili, nguo zilizochemshwa, jembe moja, panga, makasi ya kupogolea na bomba la kupigia dawa. Bomba lioshwe mara tatu, na dawa zenyewe zibaki shambani, maana chumba cha futi 10 si stoo ya sumu. Vya kuacha: kuni, kuku, na kitanda cha mbao chenye viungo vingi. Kitanda kipana hakipiti ngazi za ploti bila kufunguliwa, kwa hiyo beba spana. Mahindi yabebwe yakiwa yamekauka vizuri, kwenye magunia yasiyopitisha hewa; nusu gunia lenye fukusi litachafua unga wa jirani na ugomvi utaanza kabla hamjajuana majina.

Jumapili. Moto.

Siku hii hupuuzwa, nayo ndiyo ya hatari. Mama amepika kwa kuni miaka yote, kwenye jiko lenye paa linalopumua. Wiki ya kwanza gesi humtisha, basi anaazima jiko la makaa na kuliingiza ndani kwa sababu ya baridi. Moshi wa makaa usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Jiko la makaa lisilale chumbani, hata likiwa na jivu tu.

Afundishwe na mwanamke wa ploti hiyohiyo. Mgeni wa shirika huenda jioni, jirani yupo. Kukazia kichomeo kwenye mtungi, kupaka povu la sabuni kwenye kiungo na kuangalia mapovu, kuwasha kiberiti kwanza ndipo kufungua gesi, kuzima kwa kufunga mtungi. Maharagwe yalowekwe usiku kucha. Yasipolowekwa, mtungi wa kilo 6 hauoni wiki ya tatu, na hapo makaa hurudi.

Jumatatu. Shule.

Baba aende na barua ya uhamisho, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya muhula na namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa usajili wa Wizara ya Elimu. Kinachokwamisha si karatasi. Shule ya zamani isipomwachilia mtoto kwenye mfumo, shule mpya haiwezi kumsajili hata akikaa darasani. Mwalimu mkuu wa zamani apigiwe simu papo hapo, mbele ya mkuu mpya.

Mtoto aliyekwisha kusajiliwa kwa tathmini ya Gredi 6 au Gredi 9 asihamishwe. Abaki kwa jamaa hadi amalize mwishoni mwa mwaka. Huyu wa Gredi 8 anahama bila shida, ila aingie sasa, kabla usajili wa mwaka ujao haujafunguliwa.

Jumanne. SHA, chifu, dawa za nyanya.

Kwa ufupi. Baba alipokuwa kwenye mshahara, shamba lilikata asilimia 2.75 kwenda SHA, mamlaka ya bima ya afya. Makato yamekoma, na bima hukatika kimyakimya. Apige *147#, ajaze upya maswali ya kipato akiwa mtu asiye na mshahara, na ajue kwamba mchango hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja, usiopungua 300 kwa mwezi. Ni 3,600 au zaidi kwa mkupuo, na bajeti nyingi huisahau. Nyanya awe amekuja na dawa za mwezi mmoja na kitabu cha kliniki. Mzee wa nyumba kumi aonwe, kisha chifu. Barua zao zitatakiwa kwa basari.

Tarehe 5, mwezi wa pili.

Shirika linalipa 9,000 yote tena. Baba anapata mjengo. Kosa la kawaida ni kuhesabu siku 26 za kazi. Hesabu 20: kuna mvua, kuna fundi aliyekwama bila saruji. Kwa 700 ni 14,000. Mama akipata kufua au kuuza mboga siku 15 kwa 400 ni 6,000. Jumla 20,000.

Mama asianze kuuza mboga kwa kujaza meza. Aanze na sukuma wiki na nyanya za siku moja. Yeye anajua kupanda, hajui bado kuuza kinachooza, na hizo ni kazi mbili tofauti kabisa.

Mwezi wa tatu na wa nne.

Shirika linalipa 6,000, familia 3,000. Huu ndio wakati ambao familia nyingi huteleza, na sababu mara nyingi ni pesa za haki za kazi kufika. Ndugu wanasikia. Mazishi, mkopo wa binamu, pikipiki ya kununua haraka haraka. Tunapendekeza kodi ya miezi mitatu itengwe kwenye akaunti ya akiba isiyotolewa kwa simu, kabla pesa haijatajwa kwa mtu.

Kama mwezi wa tatu unaangukia Januari, chelewesha ratiba nzima kwa mwezi mmoja. Kupunguza msaada mwezi wa sare na vitabu ni kuitafutia familia deni la kodi.

Keteka akifunga mlango kwa kufuli kwa ajili ya deni, hana ruhusa hiyo bila amri ya mahakama. Baraza la kodi husikiliza nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, kwa hiyo vyumba hivi vya 4,500 haviingii humo. Nendeni kwa chifu kwanza, na mahakama ikibidi. Ila dawa bora ni kumwandikia mwenye nyumba tarehe 3, kabla ya tarehe 5, na kulipa hata 2,000 siku hiyo.

Mwezi wa tano.

Shirika linalipa 3,000. Uamuzi ufanywe mwezi huu, usingoje wa sita, kwa sababu notisi ni mwezi mmoja. Kodi ya 9,000 kwenye kipato cha 20,000 ni karibu nusu, na hiyo haidumu. Kuna njia tatu: baba amepata bustani za kudumu na kipato kimepanda kufika 27,000, au chumba kimoja kinaachiwa na nyanya anakwenda kwa mtoto mwingine, au familia inahamia mbele zaidi, Mwiki au Ruai, kodi ikishuka lakini nauli ikipanda. Njia ya tatu tunaikubali mara chache, maana hesabu ya nauli ya watu wawili kwa siku 20 humeza unafuu wote.

Wajiandikishe pia Boma Yangu, mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu, lakini kama mpango wa miaka. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inaweka nyumba za kijamii kwa wenye kipato kisichofika 20,000, na foleni ni ndefu. Familia isiache kulipa kodi ya leo kwa kuweka akiba ya nyumba ya kesho.

Mwezi wa sita.

Shirika linalipa 3,000 za mwisho, na jumla ya kodi iliyotoka imekuwa 36,000, mbali na ile dipoziti. Faili lisifungwe kwa saini ya familia pekee. Mwenye nyumba aandike kwamba hana deni lolote, na kwamba dipoziti ya 9,000 anayo na ni ya familia. Wakiachia chumba kimoja, 4,500 irudi kwao wiki hiyohiyo. Asiporudisha, madai hayo yanapelekwa Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai hadi shilingi 1,000,000 na kutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Mkataba, risiti za M-Pesa na zile picha za Ijumaa zinatosha, na wakili si lazima.